Saiti ya animesheni yenye stesheni sita, nipangeje mtu kuhama kutoka sehemu moja hadi ingine?

binti_wa_donholm

Habari za jioni wadau. Naomba msaada juu nimekaa na hii kitu wiki mbili sasa na Ijumaa walimu wanataka kuiona. Natengenezea klabu ya historia ya shule moja huku Eastlands saiti ya ile reli ya zamani, na wazo letu ni kila sehemu iwe stesheni. Mombasa 1896 pale ujenzi ulianzia, alafu Tsavo na wale simba wa 1898 waliokula wajenzi wa reli, Makindu, Nairobi 1899, Nakuru, na mwisho Kisumu 1901. Kila stesheni iko na mchoro wake unaosonga, sauti yake na maandishi kidogo. Ya Makindu jua linachomoza nyuma ya tangi la maji, na hilo tangi watoto wenyewe ndio walichora kwa kreyoni mimi nikaliskani, mpaka ile alama ya mahali kreyoni ya bluu iliisha wakamalizia na ya kijani inaonekana. Nataka hii kazi itoke vizuri kwa ajili yao.

Sasa shida. Nilitaka mtu akibonyeza jina la stesheni kwa menyu, aone treni ikitoka pale alipo na kuingia kule anaenda. Nikaanza kuandika safari moja moja. Mombasa kwenda Tsavo, sawa. Tsavo kwenda Makindu, sawa. Alafu nikakumbuka mtu anaweza taka kutoka Mombasa moja kwa moja mpaka Nakuru, ama atoke Kisumu arudi Tsavo, nikaziandikia hizo pia, saa hii niko na safari kumi na tisa na nikirekebisha moja zingine mbili zinaharibika.

Na si hiyo tu. Mtu akibonyeza kurudi nyuma kwa simu anatolewa nje ya saiti kabisa. Nilimtumia mwalimu linki nikimwambia angalia Nairobi, akafungua akajipata Mombasa. Na ukibonyeza haraka haraka treni mbili zinatokea kwa skrini na simba wa Tsavo wanaendelea kunguruma mpaka Kisumu.

Niweke zote kwa peji moja ama kila stesheni iwe peji yake? Na hizi safari nazipanga aje?

laini_moja

Mimi ningetoa menyu kabisa. Reli ni laini moja, weka stesheni zote kwa peji moja ndefu mtu askroli tu kutoka Mombasa hadi Kisumu na treni imfuate. Hutahitaji kuandika safari yoyote.

binti_wa_donholm

Asante, niliifikiria hiyo mwanzo na kwa kusimulia ni tamu kweli. Lakini mwalimu atasema leo tunasoma Nakuru, na mtoto atakuwa na dakika kumi kwa kompyuta ya lab. Siwezi kumpitisha kwa simba na jua la Makindu kila siku ndio afike Nakuru.

mzee_wa_fremu

Binti, kwanza hongera, wazo la stesheni ni zuri na hilo tangi la kreyoni usilibadilishe hata kidogo.

Hili tatizo lako nililipata miaka ya 2000 nikitengeneza saiti za Flash (ile programu ya Adobe ya animesheni ndani ya brauza), na dawa yake haijabadilika hata kama Flash yenyewe imeshaenda. Adobe walitangaza Julai 2017 kwamba wataiacha, wakaacha kuisapoti 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 Flash Player ikakataa kufungua chochote. Kazi zangu nyingi zilienda nayo. Lakini namna tulivyopanga bado inafanya kazi.

Anza na hesabu. Stesheni sita, na kutoka kila moja unaweza kwenda tano zingine, hizo ni safari 30. Ukiongeza Voi mwaka ujao ziwe saba, safari zinakuwa 42. Hiyo kazi haiwezi kuisha, si kwamba hujui kuandika kodi.

Sasa fikiria mat, yaani matatu. Mtu wa Rongai akitaka kwenda Dandora hangojei gari linalotoka Rongai mpaka Dandora. Anashuka tao, yaani katikati ya jiji, anatembea kidogo, anapanda la Dandora. Kila mtaa unahitaji njia mbili tu, ya kuingia tao na ya kutoka tao, na mitaa ikiongezeka hakuna anayehangaika. Kwa saiti yako tao ni ile skrini yenye reli tupu na anga peke yake. Kila stesheni inatoka mpaka pale, na kila stesheni inaingia kutoka pale. Sita mara mbili ni 12, na ukiongeza Voi unaandika mbili tu mpya.

Kwa hivyo Tsavo isijue kabisa kama mtu anaenda Kisumu ama Mombasa. Hiyo si kazi yake. Kazi yake ni kujifunga vizuri, simba wanyamaze, nyasi zishuke, treni itoke kwa skrini, alafu iseme nimemaliza. Basi.

Nani sasa anajua mtu anaenda wapi? Unaweka msimamizi mmoja juu ya stesheni zote, na anashika vitu viwili tu: uliko na unakoenda. Menyu haiiti stesheni yoyote, inaandika tu jina kwa unakoenda. Msimamizi akiona unakoenda si pale uliko, anaiambia stesheni iliyopo itoke. Ikisema nimemaliza ndio anasoma unakoenda *mara nyingine tena*, na hapo ndio anaita ya kuingia. Hiyo kusoma mara ya pili ndio inakutatulia treni mbili. Mtu amebonyeza Nakuru, treni bado inatoka Tsavo, akabadilisha mawazo akabonyeza Makindu. Hakuna kinachoanza upya, jina tu limebadilika kwa karatasi ya msimamizi, treni ikifika tao inaelekea Makindu. Hata akirudia Tsavo yenyewe, itatoka na itaingia tena na hakuna kitu kitavunjika.

Na tafadhali usifunge vitufe wakati animesheni inaendelea. Wengi hufanya hivyo. Mtu anabonyeza, hakuna jibu, anabonyeza tena, anadhani simu yake imekufa. Badala yake jina alilobonyeza lipate rangi pale pale, hata kabla treni haijasonga, ajue amesikika.

Kuhusu kurudi nyuma. Kwa Flash saiti nzima ilikuwa peji moja machoni pa brauza, kwa hivyo ukirudi nyuma unatoka nje, na linki ilikuwa moja tu ya mlangoni. Watu walilalamika miaka mingi na walikuwa na haki. Wewe hauna sababu ya kurudia hilo kosa. Menyu yako iwe linki za kweli, yaani tagi ya a yenye href inayoenda /tsavo, /makindu na kadhalika. Mtu akiibonyeza unaizuia isifungue peji mpya, unabadilisha anwani na pushState, amri ya Javascript, na akirudi nyuma brauza inakupa tukio la popstate, yaani ujumbe wa kukuambia anwani imebadilika. Chunga hapa, pushState yenyewe haileti popstate, lazima uite msimamizi wewe mwenyewe. Mimi huandika fanksheni moja fupi, soma anwani uweke unakoenda, na kila mtu anapitia hapo, aliyebonyeza menyu, aliyerudi nyuma, na mwalimu aliyefungua linki kutoka WhatsApp. Mlango mmoja.

Faili za stesheni zigawe. Sisi kila sehemu ilikuwa swf yake, yaani faili ya Flash, na Flash ilipanga faili kwa leveli, moja juu ya nyingine, menyu inakaa _level0 na sehemu inalodiwa _level1, na ukilodi ingine kwa leveli hiyo hiyo ya kwanza inafutika papo hapo, ndio maana tulijifunza kungoja kutoka kuishe. Na tulizigawa kwa sababu ilikuwa kabla nyaya za baharini zifike Mombasa 2009, mtu ako cyber anahesabiwa dakika, haezi lipia sehemu tano asizoomba.

kazi_ya_mkono

Mzee ameongea vizuri sana ila mimi ningependelea kila stesheni iwe peji yake ya HTML kabisa, faili sita. Siku hizi brauza yenyewe inaweza kukufanyia mpito. Ndani ya peji moja Chrome imekuwa nayo tangu toleo la 111 mwaka 2023 na Safari tangu 18 mwaka 2024, inaitwa View Transitions, na baadaye Chrome ikaongeza ya kati ya peji mbili tofauti, unaandika mistari miwili ya CSS, ile lugha ya mwonekano wa peji. Brauza inapiga picha ya peji ya zamani na ya mpya, inayeyusha moja kuingia nyingine. Ukiipa treni view-transition-name ile ile kwa peji zote mbili, itasonga yenyewe kutoka mahali ilikuwa mpaka mahali mpya. Brauza ya zamani ambayo haijui, peji inafunguka tu kawaida, hakuna mtu anaumia. Kurudi nyuma, linki, kurefreshi, zote unapata bure.

mzee_wa_fremu

Hiyo ni kweli na kama hakungekuwa na sauti ningekubaliana. Lakini binti anataka treni isikike ikitoka Tsavo mpaka iingie Makindu. Peji ikibadilika kabisa, sauti inakatika na ile ingine haijaanza. Mahali sauti lazima ivuke, msimamizi lazima abaki hai.

kazi_ya_mkono

Hapo sawa, sikufikiria sauti. Basi fanya zote mbili: peji sita za kweli zikae kwa seva, na Javascript ikiwepo ndio inachukua usukani. Maana ukitumia pushState peke yake bila faili halisi ya /nairobi, mtu akirefreshi akiwa Nairobi seva inamwambia peji haipo.

mwalimu_mtaani

Naongeza upande wa darasani maana huko ndiko itatumika. Wanafunzi wengi watafungulia nyumbani kwa simu ya mzazi, na wazazi wengine wanatumia Opera Mini kubana bando. Ile hali yake ya kubana sana, peji inatayarishwa kwa seva zao na animesheni nyingi hazitembei. Kwa hivyo hizo linki za kweli na maandishi ya kila stesheni ndani ya HTML si anasa. Mtoto akikosa treni, asikose historia.

Sauti: Chrome tangu 2018 hairuhusu sauti ianze yenyewe kabla mtu hajagusa peji. Najua utaweka kitufe kizuri pale Mombasa cha "Panda treni" na kitafungua sauti, lakini aliyetumiwa linki ya Nairobi hapitii Mombasa. Weka kitufe cha sauti kwa menyu ionekane kila mahali. Na sauti isimilikiwe na stesheni, imilikiwe na huyo msimamizi, moja tu kwa wakati, ikizimika polepole. Hapo simba hawatafika Kisumu.

Kuna watoto na watu wazima ambao picha zikisonga sana kichwa kinawazunguka. Simu zina mpangilio wa kupunguza mwendo na CSS inausoma kwa prefers-reduced-motion. Kwa hao, stesheni ibadilike kwa kufifia tu. Na wakati wa kuingia, badilisha jina la peji na upeleke fokasi, yaani mahali kisomaji cha simu kinasimama, kwa kichwa cha stesheni, ndio anayesomewa na simu kwa sauti ajue amefika. Mwanafunzi wangu mmoja haoni vizuri na huwa ananiuliza, mwalimu, imefunguka ama bado? Hilo swali si la kumwachia mtoto.

binti_wa_donholm

Nyote asanteni sana kwa kweli. Nimefuta zile safari kumi na tisa, imeniuma kidogo lakini nimefuta. Nimeandika msimamizi, hafiki hata mistari hamsini. Linki zinafanya, kurudi nyuma kunafanya!!

Imebaki kitu moja na imenikesha. Tsavo inatoka mapema sana, nyasi bado ziko katikati na Makindu inaingia juu yake. Na Makindu yenyewe ni kinyume, kuna wakati haitoki kabisa, mtu anabonyeza Nairobi, jina linapata rangi, na hapo ndio mwisho, treni imeganda. Nasikiliza transitionend, lile tukio la brauza la kusema mpito umeisha, kwa div (kisanduku) ya stesheni, ikija ndio nasema nimemaliza. Si ndio hivyo?

kazi_ya_mkono

Hapo ndipo wengi huanguka, na mimi nilianguka. transitionend inapanda juu kutoka kwa vitu vilivyo ndani. Kuna kitu kidogo hapo Tsavo kinachomaliza haraka?

binti_wa_donholm

Macho ya simba. Yanafumba kwa sekunde 0.2. Nyasi ni sekunde 1.4.

kazi_ya_mkono

Ni hayo. Jicho likifumba tukio lake linapanda mpaka kwa div ya stesheni, wewe unadhani Tsavo nzima imemaliza. Tena hiyo tukio inakuja mara moja kwa kila kitu kilichobadilika, opacity (kufifia) peke yake, transform (kusogea) peke yake. Ukiendelea nayo lazima uangalie event.target na propertyName.

Ya Makindu nahisi ni jua. Mtu akibonyeza Nairobi kabla jua halijaanza kupanda, unaliambia lishuke na liko chini tayari. Hakuna kilichobadilika, kwa hivyo mpito hauanzi, na usipoanza transitionend haiji milele. Ni vile vile ukiweka display none katikati, mpito unakatwa na unangoja kitu hakitakuja.

Acha kusikiliza tukio. Iambie stesheni ianze kutoka, alafu uombe getAnimations yenye subtree ya hiyo stesheni, itakupa kila kinachosonga ndani yake, macho, nyasi, treni, kila moja ina ahadi yake (Promise, ya kukuambia ikiisha) inaitwa finished. Zikusanye ungoje zote kwa Promise.allSettled. Kama hakuna kinachosonga orodha ni tupu na inaisha papo hapo, Makindu haitaganda. Ni allSettled na sio all juu animesheni ikikatwa ahadi yake inakataliwa, na hautaki moja iliyokatwa ikuangushie safari.

Angalia moshi wa treni tu. Kama unazunguka bila mwisho hauwezi kumaliza, na ukiungojea utangoja mpaka Kisumu ihame. Iweke nje ya stesheni ama uiruke kwa hiyo orodha.

Na kama nyasi zinakwama kwa simu, angalia kama unabadilisha top ama height. Hizo zinalazimisha brauza ipange peji upya kila fremu. Tumia transform na opacity peke yake.

binti_wa_donholm

Nimeweka. Moshi nimeuhamishia kwa msimamizi pamoja na sauti, treni ni yake sasa, stesheni zinabaki na vitu vyao.

Leo nimeenda nayo lab. Kuna kijana mdogo hapo mbele alibonyeza Kisumu, rafiki yake akamwambia hapana twende kwa simba, akabonyeza Tsavo treni ikiwa bado inatoka Mombasa, na ikaingia Tsavo tu polepole bila kushtuka, nyasi zikapanda, simba wakafungua macho. Wakarudi nyuma. Wakaenda tena. Walirudia hivyo kama mara nane na sikuona treni ya pili hata mara moja. Yule aliyechora tangi alikuwa anasimama nyuma yao akingoja wafike Makindu, na walipofika hakusema kitu, alisogea tu karibu na skrini.

Mwalimu, nimejaribu pia na ile hali ya kupunguza mwendo, stesheni zinafifia vizuri na maandishi yanasomwa.

Kitu moja tu imebaki, Nakuru haina sauti. Kuna mtu ako na rekodi yake mwenyewe ya flamingo kule ziwani, hata ya simu, anaweza kuniruhusu nitumie? Jina lako nitaliandika chini ya stesheni.